Sabato ya Konstebo Ogari

Maiti alikuwa nadhifu kupita kiasi. Hilo lilimchosha Sajini Yakub hata kabla hajaweka mfuko wake chini, naye alikuwa amefika Kisii akiwa amekwisha kuchoka, maana lori lililomtoa Kisumu lilikuwa la samaki wakavu, na samaki ndio waliopewa nafasi nzuri.

Konstebo Abner Ogari alilazwa juu ya meza ya saruji katika chumba cha maiti, amevaa sare kamili. Vifungo vya shaba vilisuguliwa hadi vikang'aa. Kaptula ilipigwa pasi, mistari yake imesimama. Huyu ndiye mtu aliyesemekana kupigwa na wezi wa ng'ombe Jumamosi, akalala kwenye umande kando ya barabara ya Suneka mpaka alfajiri ya Jumapili. Sasa ilikuwa Jumatatu, na Yakub mwenyewe, aliye hai, alionekana mchafu kuliko yeye.

"Nani amemvisha?"

"Sisi wenzake," alijibu Koplo Onyancha. Alikuwa amesimama kando ya meza mikono nyuma, macho mekundu kwa kukesha. "Tulimwosha, tukamvisha. Hatuwezi kumpeleka nyumbani Ikonge na matope, Sajini."

"Na nguo alizokutwa nazo?"

"Ndizo hizi. Tulizifua."

Yakub alifumba macho kidogo. Yeye na Onyancha waliingia polisi siku moja, mwaka wa thelathini na moja, wakalala kitanda cha juu na cha chini huko depo ya mafunzo, Nairobi. Yakub alihamia upelelezi Kisumu. Mwenzake akabaki hapa. Onyancha alijua kama yeye kwamba nguo za aliyeuawa hazifuliwi. Kuruta wa wiki ya pili anajua.

"Mmefua ushahidi, Koplo."

"Tumemfulia mwenzetu."

Yakub alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Kifua cha Ogari kilikuwa kimebonyea pande zote mbili, bluu tangu mabega hadi kiunoni. Hakukuwa na jeraha la panga. Kichwa kilikuwa kizima, uso haukuguswa. Yakub alijiuliza ni wezi gani hao, waliompiga mtu kifua chote kwa pigo moja wakakiacha kichwa. Akageuza shati. Uzi wa vifungo ulikuwa ule ule wa serikali, haukukatika hata mmoja, wala kitambaa hakikuchanika. Mbavu kumi zimevunjika na hata kifungo kimoja hakikutoka.

Aliomba pamba kwa mhudumu, akaisokota, akaipitisha ndani ya sikio la marehemu. Watu huosha uso, huosha mikono, huosha miguu, sikio huwapita. Pamba ilitoka na unga mweupe wenye kijivu. Akausugua kati ya vidole. Uliteleza kama sabuni.

Aliutia kwenye bahasha, akaifunga. Mtu aliyezaliwa Kisii hahitaji kupeleka unga wa jiwe la Tabaka Nairobi kuulizia ni nini.

"Mikono yako ina nini?" akauliza bila kugeuka.

"Mlango wa lori ulinibana."

"Nionyeshe."

Onyancha aliileta mbele polepole. Vidole vyote kumi vilikuwa vimefungwa vitambaa, na damu imepenya kwenye ncha. Yakub alilijua lori la kituo. Mlango wake uliweza kubana vidole vya mkono mmoja, tena kwa taabu.

"Pole," alisema.

"Kesho tunamzika," alisema Onyancha haraka. "Bwana Inspekta amekubali bunduki. Risasi tatu, kwa askari aliyeuawa kazini. Haijawahi kutokea hapa kwetu, Sajini, askari mweusi kupigiwa bunduki. Mwaka jana Momanyi hakupewa."

Habari za Momanyi zilifika mpaka Kisumu. Konstebo huyo alikuwa akivuka Mto Gucha na mahabusu aliyefungwa naye pingu, maji yakawachukua. Momanyi alimfungua mahabusu kwanza. Mahabusu akafika ng'ambo, Momanyi hakufika. Serikali iliandika ajali, maana mto hauhesabiwi kuwa adui, ikapeleka nyumbani kwake ubao wenye namba yake. Mchwa waliumaliza kabla mwaka haujaisha.

* * *

Mama mmoja wa Kisomali alikuwa ameketi kwenye lango la kituo na birika la chai lililofunikwa kwa kitambaa. Alimwamkia Yakub kwa salamu ya Kiislamu, naye akaitikia. Alikuwa Asli, mama wa mshtakiwa. Askari wa lango hakuwa amemruhusu kuingia. Yakub alilichukua birika mwenyewe, akaingia nalo ndani ya seli.

Abdi Gulled alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini hivi, mwenye duka la sukari na ngozi kwenye njia panda ya kwenda Tabaka. Jumapili mchana Bwana Inspekta alipekua maduka yote ya upande ule, na nyuma ya gunia la sukari la Abdi akakuta filimbi ya polisi yenye namba ya Ogari. Faili lilikuwa na jambo lingine zaidi: mwezi wa kwanza, Ogari alimshtaki Abdi kwa mizani ya uongo. Chuki ikapatikana, na kitu cha marehemu kikapatikana. Kesho saa kumi Abdi angepakiwa kwenye lori la kwenda Kisumu kwa shtaka la kuua, na kutoka Kisumu njia ilijulikana. Yakub mwenyewe, alipolisoma faili lile njiani, kwenye lori la samaki, alikuwa amemhukumu.

"Kunywa chai," alimwambia. "Kisha uniambie filimbi ilifikaje kwako."

"Aliiacha mwenyewe. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Alivua sare yote dukani kwangu, akavaa shati kuukuu na suruali mbovu. Akasema, Abdi, niwekee, nitarudi kabla ya jua kuzama, na usimwambie mtu. Jioni nilikwenda nyuma kuswali Magharibi. Niliporudi, nguo hazikuwepo kwenye msumari. Nikajua amezichukua. Hiyo filimbi ilianguka, sikuiona."

"Akuachie nguo wewe, aliyekushtaki?"

Abdi alicheka bila furaha. "Alinishtaki, na haki alikuwa nayo, mizani ilikuwa mbovu. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila wiki kuikagua. Huwezi kukagua mizani ya mtu kila wiki bila kunywa chai yake, ndugu yangu."

"Alikwenda wapi na shati kuukuu?"

Abdi akatazama birika.

"Nilimpa neno langu kwamba sitasema."

"Uliyempa amekufa."

"Ndiyo maana siwezi kumwomba anirudishie."

Yakub alihisi uchovu wa aina nyingine, wa mtu anayekuta uungwana mahali ambapo ungeweza kumnyonga mwenye nao. Akafungua faili. Maelezo ya mshtakiwa yalikuwa mstari mmoja: Mshtakiwa amesema hana la kusema.

"Haya ya nguo, jana uliyasema?"

"Niliyasema mpaka koo likakauka. Na yule aliyekuwa akiandika alikuwa akiandika."

"Yupi?"

"Koplo. Mwenye vitambaa vidoleni."

* * *

Daftari la zamu lilikuwa kwenye rafu nyuma ya kaunta. Yakub aliketi nalo saa nzima, akirudi nyuma wiki kwa wiki, akilamba kidole kila ukurasa kama karani. Jumamosi iliyopita iliandikwa: Ogari, doria, Suneka. Jumamosi kabla ya hiyo: Onyancha. Kabla yake: Onyancha. Na Jumapili zote: Ogari.

Aliendelea mpaka miaka minne ikaisha. Ogari alikuwa Msabato, Onyancha Mkatoliki. Hakuna amri iliyoandikwa popote; wao wenyewe walipatana kwamba huyu asiguse Jumamosi, na yule asiguse Jumapili, na kila mmoja alikuwa akilinda siku ya mwenzake. Kwa miaka minne Konstebo Ogari hakufanya kazi ya serikali Jumamosi hata moja. Kisha akaifanya moja, na hiyo hiyo akafa.

Mkono ulioiandika zamu ile ulikuwa wa Koplo Onyancha. Wino wake ulikuwa mweusi. Mistari ya juu na ya chini ilikuwa ya buluu.

Mchana Yakub alimchukua dereva wa kituo, wakaenda Tabaka.

Mzee Nyangate, mwenye machimbo, alikuwa ameketi na wanawe wawili wakichonga bakuli. Magoti yao yote yalikuwa meupe. Yakub alimwamkia kwa Kikisii, akapewa kigoda.

"Kama unatafuta jiwe ya kaburi, rudi," alisema mzee. "Nilishamkataza huyo koplo yenu mara mbili."

"Kwa nini, mogaka, mzee wetu?"

"Hii jiwe ni ya bakuli na ya kiko. Baba yangu alisema hivyo na mimi nasema hivyo. Ukiweka juu ya maiti, shimo litazoea maiti."

"Koplo alitaka kaburi la nani?"

"Ule alikufa kwa mto. Alisema askari wamechanga mikono yao, watachonga wenyewe, wanataka tu kipande. Nikasema hapana. Mimi si mtu mbaya, Sajini. Lakini watoto yangu wanaingia huko chini kila siku."

"Jumamosi mlikuwa hapa?"

"Jumamosi?" Mzee alishangaa. "Sisi ni watu wa Sabato. Asubuhi mpaka jioni, wote tuko kanisa, hata mbwa anabaki peke yake. Jana hatukushuka, leo ndio tumeona kutoka juu ukuta wa upande ule umeanguka. Tukasema ni mvua."

"Mvua ilinyesha?"

Wana wawili wakatazamana. Haikunyesha.

Yakub alishuka mwenyewe, ingawa magoti yake hayakupenda. Upande wa mbali ukuta ulikuwa umemomonyoka, na katikati ya kifusi kulikuwa na shimo la urefu wa mtu. Shimo lile halikuchimbwa kwa jembe. Kingo zake zilikuwa na michirizi minne minne, ya vidole, na michirizi mingine ilikuwa na rangi ya kutu. Kando yake kulikuwa na jiwe lililokatwa mraba, zuri, la waridi kidogo, limefungwa kamba tayari kuvutwa.

Aliona kila kitu kilivyokwenda, wala hakufurahi.

* * *

Siku ya pili, saa tano asubuhi, lori la polisi lilifika Ikonge na jeneza. Bwana Inspekta alikuja nyuma kwa gari lake, Yakub ameketi naye. Njia nzima Yakub alijaribu kumweleza, na njia nzima Mzungu akamjibu lile lile: "Hii shauri iko wazi, Sajini. Filimbi iko, mtu iko. Mimi hapana taka maneno ya mavumbi kwa masikio." Kwake, maelezo ya koplo mwenye miaka kumi na minane kazini yalikuwa mazito kuliko pamba, vidole na daftari, na angebadili mawazo kwa sababu moja tu: koplo mwenyewe aseme.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya nyumba, upande wa kulia kama inavyompasa mwanamume, karibu na migomba. Watu walikuwa wengi. Wazee wa kanisa walisimama upande mmoja, askari sita upande wa pili, wamepanga safu, bunduki miguuni. Mmoja wa hao sita, aliyesimama mbele, alikuwa Onyancha.

Mjane, Drusilla, alimwita Yakub kando. Alikuwa amembeba binti yake, Gesare, aliyelala begani.

"Wewe ndiye wa kutoka Kisumu?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Asante. Mimi nataka jina moja tu." Sauti yake ilikuwa imeisha kwa kulia, ikabaki ngumu. "Hao wazee wameniuliza, bwana yako alikuwa anafanya nini barabarani siku ya Sabato? Nikasema alitumwa. Wakasema kama alitumwa, Mungu atajua. Lakini miaka minne hakuna mtu alimtuma Sabato. Aliwaambia siku ya kwanza, wakamheshimu. Sasa nani alimtuma? Nataka nimwangalie uso."

"Utaambiwa leo," alisema Yakub, na papo hapo akajuta, kwa kuwa ahadi ile haikuwa yake kuitimiza.

Akamfuata Onyancha. Wakasimama nyuma ya lori, mahali ambapo mtu angedhani wanavuta sigara.

"Nimefika Tabaka," alisema Yakub.

Onyancha aliinamisha kichwa kama mtu aliyesubiri lori kwa muda mrefu na hatimaye limetokea.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu sikio. Nieleze wewe, nimechoka kukisia."

"Tulikwenda wawili. Nilimwambia, Abner, wewe kaa kanisani, nitaenda na mtu mwingine. Akasema Momanyi hakuuliza ni siku gani alipoingia mtoni. Ukuta ulimwangukia akifunga kamba. Nilichimba, Yakub. Sikuwa na kitu, sululu ilikuwa chini yake. Nilichimba kwa hii mikono. Nilipofika kwa uso alikuwa bado na joto."

"Kisha mkamtafutia kifo kizuri."

"Angeandikwa mwizi wa mawe. Mwizi, siku ya Sabato, tena bila ruhusa ya kazi. Hangepata hata ule ubao wa mchwa. Nikachukua sare dukani, tukamvisha, tukampeleka Suneka na lori. Wote sita. Tukasema wezi wa ng'ombe wasiojulikana." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Asiyejulikana hanyongwi, Yakub. Tulimtafutia adui ambaye hayuko."

"Sasa yuko. Ana mama, anakaa langoni na chai."

"Najua."

"Ulijua ulipoandika hana la kusema?"

Upande wa kaburini wimbo ulikuwa unakwisha. Bwana Inspekta aliitazama saa yake.

"Hizo risasi ukizipiga," alisema Yakub, "hakuna mkubwa atakayezirudisha ndani ya bunduki. Watakuwa wamempa heshima ya aliyeuawa, basi lazima awepo aliyeua. Na aliyepo ni mmoja. Mimi nimeshasema na sikusikilizwa. Siwezi kukuburuta useme, na hata ningeweza, leo sina nguvu."

Alisema kweli. Alimpenda mtu yule, na kama Onyancha angerudi kwenye safu akapiga risasi zake tatu, Yakub hakujua angefanya nini jioni ile.

Onyancha alirudi kwenye safu. Alisimama mahali pake. Bwana Inspekta akanyanyua mkono kutoa amri, na koplo akatoka mbele hatua tatu, akampa bunduki askari aliyekuwa karibu, akapiga saluti.

"Bwana, hakuna mtu alimuua huyu," alisema kwa sauti ya gwaride. "Alikufa machimboni Tabaka. Nilikuwa naye. Msomali hana makosa. Mimi niliandika uongo."

Kisha akayarudia kwa Kikisii, kwa ajili ya watu wa nyumbani, mpaka mwisho: jiwe, Momanyi, ukuta, sare. Hakujificha nyuma ya neno "sisi". Alisema "mimi" kila mara.

Kelele zilipanda. Mzee wa kanisa aliifunga Biblia yake, akasema kanisa litahitaji kushauriana. Bwana Inspekta uso ulimgeuka rangi. "Bunduki yote ndani ya lori!" alifoka. "Sasa hivi! Hapana risasi, hapana kitu. Hii mtu alikuwa mwizi."

Drusilla aliwapita wote wawili, akasimama mbele ya Onyancha.

"Kwa hivyo hakutumwa."

"Hakutumwa, mama. Alikwenda mwenyewe."

"Siku ya Sabato."

"Siku ya Sabato. Kwa ajili ya Momanyi."

Alimtazama uso, mtoto begani. Watu walingoja amlaani, na haki alikuwa nayo.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani mlimlazimisha."

Akaenda akaketi kwenye udongo karibu na jeneza, na hakuna mzee aliyethubutu kumwinua.

Yakub alikuwa tayari na karatasi ya kumwachilia Abdi; aliiandika usiku uliopita bila kujua kama ingefaa. Bwana Inspekta aliitia sahihi juu ya boneti ya gari, kalamu ikichana karatasi. Saa ilikuwa saa saba kasoro, na lori la Kisumu lingeondoka saa kumi.

"Ingia ndani," alisema Mzungu. "Na hii koplo, leta yeye."

Yakub alitazama nyuma. Askari watano walikuwa wamepeleka bunduki kwenye lori, kama walivyoamriwa. Kisha, bila amri, walifungua mikanda, wakaiweka juu ya bunduki, wakarudi kaburini, wakaomba majembe kwa majirani. Jeneza lilikwisha kushushwa. Onyancha alikuwa wa kwanza kutia udongo, akilishika jembe kwa viganja kwa sababu vidole havikukunjika.

"Kiti cha nyuma kina mzigo, Bwana," alisema Yakub. "Atakuja na lori."

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kofia ya Bwana Inspekta, basi.

* * *

Abdi Gulled alitolewa seli saa tisa na nusu. Alirudishiwa mkanda, kofia na ufunguo wa duka. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akanena maneno ya Kisomali ambayo Yakub hakuhitaji kuyaelewa. Lakini Abdi hakuondoka. Alimpeleka mama yake kwa jamaa zao mjini, akarudi, akaketi kwenye benchi.

"Kesi yako imekwisha," Yakub alimwambia.

"Namngoja koplo."

Yakub naye alikuwa akimngoja, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo alivyozidi kujiona mjinga. Mpelelezi mwenye miaka kumi na minane kazini amemwacha mtuhumiwa shambani, bila pingu, na lori na bunduki sita. Wangemfukuza kazi, na hangekuwa na la kujitetea.

Saa kumi na mbili na dakika chache Onyancha aliingia kwa miguu, matope mpaka magotini. Lori lilikuwa limenasa njiani; walilitoa mara mbili, mara ya tatu wakaliacha na dereva. Alisimama mbele ya kaunta.

"Nimefika, Sajini."

Abdi aliinuka kwenye benchi. Hakuwa mrefu kama koplo, lakini Onyancha alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe ndiye uliandika sina la kusema."

"Ndiyo mimi."

"Nilisema, na ukanisikia, na ukaandika hivyo. Ungeninyamazia mpaka kamba?"

Yakub alidhani Onyancha angeomba msamaha. Mwenzake alifikiri kwanza, kama anayetafuta jibu la kweli mahali palipo giza.

"Jana nilisema, nitasema kesho. Leo asubuhi nikasema, nitasema baada ya maziko."

"Na baada ya maziko?"

Onyancha alitazama vidole vyake.

"Sijui, Abdi. Mungu ananiona. Sijui."

Abdi akavaa kofia yake, akaiweka sawa, akaenda mlangoni. Hapo akageuka.

"Ogari angejua," alisema.

Mlangoni walikuwa wamesimama wale askari watano, bila mikanda, wamekuja kusema kwamba nao walimvisha marehemu na kumbeba. Walisogea kando kumpisha. Abdi akapita katikati yao bila kumtazama hata mmoja, akashika njia ya mjini kwa mama yake.

Yakub akavuta rundo la karatasi za maelezo, akachovya kalamu.

"Haya," akasema. "Mmoja mmoja. Na safari hii nitaandika mimi."